Glavu Ipasayo Kazi: Hotuba ya Katibu kwa Wanachama katika Sikukuu ya Miaka Kumi



Siku hii Chama Kikuu chetu kinatimiza miaka kumi. Wasemaji walionitangulia wamewaeleza habari za ghala, za mizani, na za fedha zilizopita katika vitabu vyetu. Mimi nimepewa jambo lisilo na ukubwa wa ghala wala uzito wa mizani: nimetakiwa niseme habari za glavu. Ratiba ilipobandikwa ukutani niliwasikia baadhi yenu mkicheka na kuulizana kama Katibu amekosa maneno. Sikukasirika, maana miaka michache iliyopita hata mimi ningalicheka. Lakini naomba mnisikilize mpaka mwisho, kwa kuwa kila gunia la korosho lililopita mizanini kwetu kwa miaka hii kumi lilipita kwanza katika mikono ya mtu, na mikono hiyo haimo katika daftari letu la mali ya chama.

Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Chama kilipoanza kuvisaidia vikundi vya akina mama wanaobangua korosho, Halmashauri ilitoa fedha za kununulia glavu, na kazi ya kununua nikapewa mimi. Nilikwenda mjini, nikaingia dukani, nikauliza glavu za kazi, nikachagua zilizo rahisi kuliko zote. Zilikuwa glavu za kitambaa cha pamba, nyeupe, za kipimo kimoja. Nilizihesabu, nikatia sahihi hati ya malipo, nikarudi nyumbani na furaha kwamba nimekiokolea chama fedha. Baada ya majuma mawili wale akina mama walizivua zote wakazitupa. Nilipowauliza sababu, bibi mmoja, mwanachama wetu wa tangu mwanzo, alinijibu kwa upole, "Mwanangu Katibu, umetuletea soksi za mikono."

Alisema kweli. Mafuta ya ganda la korosho yaliilowesha pamba, na pamba ikayashika mafuta yale juu ya ngozi tangu asubuhi hadi jioni. Mkono mtupu ungaliweza kupanguswa kwa majivu kila baada ya muda, bali mkono uliovikwa kitambaa kilicholowa ulikuwa kama mkono uliofungwa bandeji ya dawa ya kuunguza. Kwa fedha za chama niliwanunulia maumivu zaidi kuliko waliyokuwa nayo kwanza.

Mara ya pili nikadhani nimekwisha jifunza. Nikanunua glavu za mpira, zile nyembamba zinazovaliwa hospitalini. Lakini sikuwa nimeuliza namna akina mama wanavyofanya kazi yao. Wengi hupaka mafuta ya nazi mikononi kabla ya kubangua, kama walivyofundishwa na mama zao, na mpira wa asili haupatani na mafuta, yawe ya nazi au ya korosho. Ukiguswa nayo huvimba, hulegea, kisha hupasuka. Glavu zilizovaliwa saa moja asubuhi zilikuwa zimetoboka kwenye ncha za vidole kabla ya saa nne.

Mwaka 2019, serikali ilipoanzisha usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, bibi yule yule alikuja ofisini kwangu kuomba barua. Mashine ilikuwa imevikataa vidole vyake. Alinyosha mikono yote miwili juu ya meza yangu nikaitazama. Ncha za vidole zilikuwa laini zenye kung'aa kama kokoto za mtoni. Mistari aliyozaliwa nayo ilikuwa imefutika. Kwa kawaida ngozi ikipumzishwa alama hizo hurudi, lakini mbanguaji anayekula kwa kazi ya kila siku hana siku ya kuipumzisha. Nilimwandikia barua aliyoitaka. Alipokwisha kuondoka nilifungua jalada nikazitoa zile hati mbili za malipo zenye sahihi yangu, nikaziweka mezani pale pale alipokuwa ameweka mikono yake. Tangu siku hiyo nimejitahidi kusoma na kuuliza habari za glavu, na haya nitakayosema ndiyo niliyoyapata.

Ndugu wanachama, jambo la kwanza la kufahamu ni hili: hakuna glavu moja ifaayo kazi zote. Mtu anayeingia dukani akasema, "Nipe glavu," ni sawa na mtu anayekwenda zahanati akasema, "Nipe dawa," bila kueleza anaumwa nini. Kila mlango una ufunguo wake. Kabla ya kuuliza bei, yatupasa kuuliza maswali matatu. Mkono utakutana na kitu gani: maji ya sumu, mafuta, vumbi, mwiba au chuma? Utakutana nacho kwa muda gani, dakika chache au kutwa nzima? Na je, vidole vinahitaji kusikia kitu kidogo, au vinashika tu kitu kikubwa? Mwenye majibu ya maswali hayo matatu hawezi kudanganywa na mwenye duka.

Jambo la pili ni kujua jinsi kinga ya mkono inavyoshindwa. Hushindwa kwa njia tatu. Njia ya kwanza kila mtu huiona, nayo ni tundu au mpasuko. Ya pili ni kuharibika kwa glavu yenyewe, kama nilivyoeleza habari za mpira kuvimba kwa mafuta. Njia ya tatu haionekani kwa macho: kitu cha majimaji huweza kupenya polepole ndani ya mpira usio na tundu lolote, kikatokea upande wa pili, na mvaaji asijue. Ndiyo sababu glavu nzima kwa kuitazama yaweza kuwa imekwisha kazi yake. Ndiyo sababu pia glavu iliyoingiwa na sumu ndani ni mbaya kuliko mkono mtupu, kwa kuwa huibana sumu juu ya ngozi yenye joto na jasho.

Sasa niziseme kazi zetu moja baada ya moja.

Kazi ya kwanza ni kubangua. Ganda la korosho lina kuta mbili, na kati ya kuta hizo mna tabaka lenye vishimo vishimo kama sifongo, ndimo yanamokaa mafuta. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi ya anakadi, na pamoja nayo mna kitu kiitwacho kadoli, ambacho ni kikali sana kwa ngozi. Mkorosho ni wa ukoo mmoja na mwembe. Ndiyo maana wako watu wanaotokwa na vipele midomoni kwa utomvu wa embe. Viwandani mafuta haya yana thamani, hutumika katika kutengeneza rangi na breki za magari. Lakini mkononi mwa mbanguaji huleta malengelenge, ngozi ikawa nyeusi, kisha ikachunika. Anayekaanga korosho kwa moto huunguza baadhi ya mafuta, ila hurukiwa na matone yake na kuvuta moshi wake. Anayezipika kwa mvuke hana moshi huo, lakini mafuta hubaki gandani, akakutana nayo wakati wa kukata.

Kwa kazi hii yafaa glavu za mpira wa kiwandani uitwao nitraili, ambao huvumilia mafuta kuliko mpira wa asili. Ziwe za unene wa kadiri. Zile nyembamba sana, za kuvaliwa mara moja na kutupwa, huchanwa na ncha ya ganda. Na zile nene sana humzuia mama asiisikie korosho, akavunja kokwa, akapoteza daraja na fedha. Na anayevaa za nitraili hana haja ya kupaka mafuta ya nazi ndani yake. Mikono iwe safi na mikavu.

Hapo pia tulijifunza jambo ambalo halikuandikwa katika kitabu chochote nilichosoma. Glavu mbili hazichakai pamoja. Mkono unaoishika korosho penye kisu hulowa na kuchakaa upesi, na mwenzake hubaki mzima. Zamani glavu moja ilipotoboka tulitupa jozi nzima. Sasa akina mama huziweka zile zilizobaki, na glavu iliyo sawa pande zote mbili, isiyo na kulia wala kushoto, hutumika kuziba pengo. Basi mnunuzi na aulize kama glavu ni za kuvaliwa mkono wowote, maana jambo dogo hilo hupunguza gharama.

Kazi ya pili ni kupulizia dawa. Wengi wetu hupambana na ubwiriunga kila mwaka mikorosho inapotoa maua. Kwa dawa za maji, hatari iliyo kubwa kuliko zote haiko shambani, iko pale dawa inapopimwa na kuchanganywa, wakati ingali kali ndani ya chupa. Nimewaona wanachama wanaovaa kila kitu wakati wa kupulizia, lakini wakati wa kuchanganya hupima kwa mkono mtupu na kukoroga kwa fimbo huku dawa ikiwarukia. Huko ni kufunga mlango baada ya mwizi kuingia.

Kwa dawa hizi zatakiwa glavu za nitraili zilizo nene, zisizo na kitambaa ndani, zenye kupita kifundo cha mkono na kufika katikati ya kigasha, yaani urefu wa sentimita 30 au zaidi. Kitambaa cha ndani hunywa dawa na hakioshwi kikatakata. Kwa sababu iyo hiyo ni marufuku kutumia glavu za ngozi au za pamba kwa dawa ya maji. Zile zilizofumwa kwa uzi na kupakwa mpira kiganjani tu, ambazo siku hizi zimejaa madukani kwa rangi nzuri, nazo hazifai, kwa kuwa mgongo wake uko wazi kama chujio. Kisha soma kibandiko cha dawa yenyewe. Mtengenezaji huandika au huonyesha kwa picha vifaa vya kuvaliwa, na neno lake hushinda neno langu. Dawa isiyo na kibandiko, iliyomiminwa katika chupa ya soda, haina glavu inayoifaa, usiinunue. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ndiyo inayosajili dawa katika nchi yetu ya Tanzania, na dawa halali huonekana kwa kibandiko chake.

Mikono ya shati nayo ina kanuni yake. Upuliziapo mimea mifupi, mikono yako ikielekea chini, mkono wa shati uwe juu ya glavu, ili matone yateremkayo yasiingie ndani. Upuliziapo mikorosho mirefu, mikono ikiwa imeinuliwa, geuza: glavu iwe juu ya mkono wa shati, na ukingo wake ukunjwe kidogo kama mfereji, ili dawa inayotiririka kuelekea kiwiko izuiliwe hapo. Kanuni hii haigharimu hata senti moja.

Kwa salfa ya unga, glavu yoyote ya mpira isiyo na tundu yatosha kuzuia mwasho wa ngozi yenye jasho. Lakini asidhani mtu kwamba kwa kuvaa glavu amekwisha kujikinga, kwa kuwa vumbi la salfa hushambulia kwanza macho na kifua. Hapo miwani na barakoa hutangulia glavu.

Kazi ya tatu ni kufyeka, kupogolea, kufunga seng'enge na kubeba magunia. Hapa hakuna maji ya sumu, adui ni mwiba, mkwaruzo na malengelenge. Ngozi nzuri ndiyo ifaayo, au zile za kufumwa zilizopakwa mpira kiganjani, ambazo nimezikataza kwa dawa. Kila kifaa kina heshima yake mahali pake. Lakini glavu iliyolegea mkononi mwa mwenye panga ni hatari, maana mpini huteleza.

Kazi ya nne ni kumenya ngozi ya ndani na kupanga madaraja. Hapa glavu haivaliwi kwa ajili ya mkono, huvaliwa kwa ajili ya chakula, kwa sababu kokwa hiyo italiwa na mtu bila kuoshwa tena. Ziwe nyembamba, safi, na za nitraili, kwa maana wako watu wanaodhuriwa na mpira wa asili, na chembe zake huweza kushika chakula. Glavu iliyotoka kwenye meza ya kubangulia isiingie kamwe katika chumba cha kumenyea, kwa sababu huwa imepakwa mafuta ya ganda.

Na iko kazi ya tano ambayo nasema wazi: msivae glavu. Mashine ya kupukuchua mahindi, mkanda wa injini, na kila chuma kinachozunguka, hukamata ncha ya glavu na kuuvuta mkono wote kabla mtu hajatamka jina la mama yake. Hapo kinga ni kifuniko cha mashine, na kuizima kabla ya kuigusa.

Sasa niseme juu ya kununua. Glavu zilizopimwa huwa na picha ndogo zilizopigwa chapa mgongoni au kwenye karatasi yake. Picha ya chupa ya maabara yaonyesha kwamba zimepimwa kwa dawa za majimaji, na pamoja nayo huandikwa aina yake, A, B au C. Ya A ilistahimili dawa sita za kupimia kwa muda wa dakika 30 au zaidi, ya B ilistahimili tatu kwa muda huo, na ya C ilistahimili moja kwa dakika 10. Picha ya nyundo ni ya mikwaruzo na michubuko. Chini yake huandikwa tarakimu nne, ambazo kwa taratibu ni za kukwaruzwa, kukatwa, kuchanwa na kuchomwa, na kadiri tarakimu inavyokuwa kubwa ndivyo glavu ilivyo imara. Tangu mwaka 2019 kuna pia kipimo cha kimataifa kilichowekwa kwa ajili ya kazi za dawa za mimea peke yake, namba yake ISO 18889, ambacho hugawa glavu hizo katika G1 kwa hatari ndogo, G2 kwa hatari kubwa, na GR kwa wanaoingia shambani baada ya dawa kukauka. Nawaomba makarani wote wa vyama vya msingi waandike alama hizi katika kitabu cha manunuzi.

Kuhusu ukubwa, chukueni uzi, zungusheni kiganja penye vifundo vya vidole pasipo kidole gumba, kisha pimeni uzi huo kwa rula. Ukipata sentimita 18 hivi, kipimo chako ni 7. Sentimita 20 ni 8. Sentimita 23 ni 9. Sentimita 25 ni 10. Nilipopima mikono ya akina mama wa kikundi kimoja, karibu wote walikuwa wa 7 na 8, na zile nilizowaletea mara ya kwanza zilikuwa za mtu mwenye mkono kama wa mchukuzi wa bandarini. Glavu kubwa hujikunja kwenye ncha, hukamatwa na kisu, na humfanya mtu aivue. Glavu iliyovuliwa haimkingi mtu.

Baada ya kununua yapo matunzo. Kabla ya kuvaa, kunja ukingo uibane hewa ndani, tazama kama inatoka. Au jaza maji safi uone kama yanavuja. Usiipulize kwa mdomo iliyokwisha kugusa dawa. Baada ya kazi, osha glavu kwa sabuni na maji zikiwa zingali mkononi, ndipo uzivue kidogo kidogo, mara huku, mara huku, kisha unawe mikono yenyewe. Anayevua kwanza na kuosha baadaye hushika kwa mkono mtupu sumu yote aliyokuwa akiikwepa. Zianikwe kivulini, kwa maana jua huharibu mpira. Zisiwekwe katika mfuko mmoja na chakula, wala zisipelekwe nyumbani watoto wakazifanya mpira wa kuchezea. Zilizokwisha zikatwekatwe vipande kabla ya kutupwa, asije mtu akaziokota.

Ndugu wanachama, najua maneno yanayosemwa chini ya mikorosho. Wengine husema babu zetu hawakuvaa glavu. Ni kweli, lakini babu zetu hawakuchanganya dawa hizi tulizonazo, na bibi zetu waliobangua waliunguzwa kama tunavyounguzwa. Hawakuwa na mahali pa kulisemea jambo hilo, nasi tunapo, ndipo hapa. Wengine husema glavu hupunguza kasi, na malipo ni kwa kilo. Neno hili ni la haki na sitalibeza. Wale wachache waliojaribu glavu za kipimo chao walipungukiwa siku za kwanza, kisha mkono ukazoea, na waliyoyapoteza siku hizo wakayapata kwa kutokaa nyumbani na vidonda. Lakini siku hizo za kwanza lazima mtu azilipie, na si haki tumwachie mbanguaji peke yake azilipie kwa chakula cha watoto wake.

Wengine husema fedha hakuna. Kwao najibu kwa methali ya wazee: rahisi huvunja upishi. Nilinunua mara mbili kwa bei rahisi, na mara zote mbili fedha ilipotea na ngozi ikapotea. Tungalinunua mara moja kilicho sawa, tungalilipa pungufu.

Walakini sitaki mwondoke hapa mkidhani glavu ni kitu cha kwanza. Katika kinga zote glavu ni ya mwisho. Kwanza jiulize kama dawa yenyewe ni ya lazima, au kupogolea vizuri na kuondoa machipukizi yenye ugonjwa kwatosha kwa sasa. Pili, jiulize kama kuna dawa isiyo kali. Kanuni za kimataifa za usimamizi wa viuatilifu zilizopitishwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 2013 zasema kwamba dawa ambazo matumizi yake yanataka vifaa vya kujikinga vyenye kusumbua, vya ghali, au visivyopatikana kwa urahisi, ziepukwe, hasa kwa wakulima wadogo wa nchi za joto. Ndugu zangu, wakulima hao ni sisi. Tatu, jiulize kama kuna chombo kinachouweka mkono mbali, kama ile mashine ya kukatia ya kukanyagwa kwa mguu. Hayo yote yakishindikana au yasipotosha, ndipo glavu.

Kwa hiyo naleta mbele ya mkutano huu maombi matatu, na nitafurahi yakijadiliwa kabla hatujaondoka. Ombi la kwanza, Chama Kikuu kinunue glavu kwa pamoja kwa niaba ya vyama vyote vya msingi, za aina tatu: za kubangulia, za dawa na za ngozi, kila aina kwa vipimo vyake, baada ya kila chama kuleta orodha ya mikono ya watu wake iliyopimwa. Ombi la pili, glavu za wabanguaji na za watumishi wa ghala zisikatwe katika malipo yao. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humwekea mwajiri wajibu wa kuwapa watumishi wake vifaa vya kujikinga, na chama kinachojiita cha wanyonge kisisubiri kukumbushwa na mkaguzi. Ombi la tatu, pasinunuliwe tena glavu yoyote kwa fedha za chama kabla ya watu wawili watakaoivaa kuijaribu kazini na kutoa neno lao, na neno hilo liandikwe. Ombi hili najiwekea mimi mwenyewe kwanza, ili Katibu asipewe tena ruhusa ya kununua peke yake kitu ambacho hatakivaa.

Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Tumekuwa tukilitumia neno hilo kila mwaka katika mikutano yetu kuwahimiza watu wajiunge na ushirika, na ni neno zuri. Lakini vidole hivyo vinavyovunja chawa kwa pamoja ni vidole vya kweli, vyenye ngozi na kucha. Yule bibi yupo hapa leo, amekaa miongoni mwenu, na ameniruhusu kusema habari zake bila kumtaja jina. Jana aliniambia kwamba atasikiliza hotuba yangu, lakini atapiga makofi siku atakapozivaa glavu zenyewe. Naona amesema sawasawa, nami naomba mkutano huu utupe sababu ya kumsikia akipiga makofi hayo.

 Mungu akibariki Chama chetu, na aibariki mikono inayokijenga.